Nani Alikuwa na Ufunguo wa Robine

Mkono wangu wa kushoto ulishuka kutafuta robine, koki ya kufungia mafuta ya jiko, na robine haikuwepo.

Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyoona katika kazi yangu, na nawaambia mapema, vijana, msije mkadhani ni moto. Moto ulikuja baadaye kidogo. Moto unakuunguza, daktari anakufunga bandeji, unapona nusu yako. Lakini ile nukta ambayo mkono unashuka pale ulipozoea, pembeni ya paja, ukakuta bomba tupu na ukuta, hiyo kwangu haijapona. Ilikuwa Jumapili mchana. Misa imekwisha, jamaa za watoto wa komunyo ya kwanza wamejaa meza zote mpaka barazani, na mimi nina sahani nane za wali wa kukaanga zinangojewa. Umeme ukakatika. Feni ya jiko ikanyamaza. Mazutu, yaani dizeli, ikaendelea kudondoka ndani ya jiko lenye moto, tone kwa tone, nami naisikia.

"Célestin!" nikapiga kelele. "Célestin, ufunguo! Leta ufunguo!"

Célestin hakuitika.

Ngojeni nirudi nyuma, maana nikiendelea hapo nitalia, na leo sikukaa na kalamu ili nilie.

Mimi ni Ngalula. Waliokula kwetu hapa Likasi wananijua kwa jina la Mama Pilipili. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi inakwenda kombo, sogeeni mbele. Ninyi mnaojifunza upishi pale parokiani ndio mlioniomba niandike habari ya kazi. Nikawaambia sijui kuandika vitabu. Mmoja wenu, yule mrefu mwenye meno mazuri, akanijibu, "Mama, andika vile unasemaka." Basi, naandika vile ninasemaka.

Restora yetu ilikuwa kwenye barabara inayoshuka kwenda gare, stesheni ya treni. Kwenye kibao walichora joka na tembo wanashika kijiko kimoja, na hakuna mtu aliyejua jina lake la kweli. Wote walisema "kwa Bachinwa-Bahindi". Ukija kutoka machimbo ya Kamatanda una vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, ulikaribishwa. Ukija na tai, ulikaribishwa vilevile. Meza zilikuwa za plastiki, kitambaa cha meza cha plastiki, na chupa ya pilipili ndiyo peke yake iliyokuwa ya kioo. Wachina waliofanya kazi viwandani walikuja, wakaonja, wakasema hiki si chakula cha Kichina. Wahindi wa maduka wakaja, wakaonja, wakasema hiki si chakula cha Kihindi. Jumamosi iliyofuata wote walirudi.

Aliyenielezea sababu ni mwalimu wangu, Vieux Liu. Huyo alikuwa Mchina aliyezaliwa Calcutta, India, na baba yake pia alizaliwa huko. Alisema wazee wake waliwapikia Wahindi chakula chao cha Kichina, Wahindi wakauliza pilipili iko wapi, tangawizi iko wapi, kitunguu saumu umemwekea nani? Wazee wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka chakula kikawa kingine. Mimi sikushangaa. Sisi wa Likasi ni Wakasai, Wabemba, Walunda, Wasanga, babu zetu waliletwa na kazi, wakachanganywa kwenye kambi moja, na leo ukimsikia mtoto wetu anazungumza hujui umuweke kabila gani. Chakula cha Vieux Liu kilikuwa ndugu yetu.

Nilianza kwa kuosha sahani, mimi na Mama Tshala, ambaye aliosha pale kabla yangu na akaosha baada yangu. Siku moja mpishi mmoja aliacha kazi bila kuaga. Nikamwambia Vieux Liu anipe karai.

Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. "Mwanamuke hapana. Karai kilo mingi."

"Papa," nikamjibu, "minye nilibebaka mufuko ya makala ku kichwa, na mimba ya miezi saba. Hii karai yako ni kofia."

Mama Tshala alicheka mpaka akaangusha vikombe. Vieux Liu hakucheka, lakini aliondoka mbele ya jiko, akanipisha.

Sasa sikieni, hii ni kazi. Karai linashikwa kwa mkono wa kushoto, upawa kwa mkono wa kulia. Kushoto kunarusha, kulia kunapokea. Karai liwe kavu na litoe moshi kabla ya mafuta kuingia, la sivyo kila kitu kitaganda na utakwangua kama mtu anayesafisha sufuria ya bukari, ugali wetu. Soya usiimwage juu ya chakula. Izungushe kwenye ukingo wa karai, ichemke pale pembeni, harufu yake ndiyo itamvuta mteja kutoka barabarani. Wanga wa mahindi uliokorogwa na maji baridi unaingia mwisho, na ukiingia huna ruhusa ya kuongea na mtu. Na masikio! Vieux Liu alipika huku anatazama dirishani. Alisema mafuta yanaongea, kwa nini uyakodolee macho? Ukisikia yananong'ona, bado. Yakipiga makofi, tia kuku.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la wali. Wali wa kukaanga unapikwa leo kwa ajili ya kesho, unaanikwa kwenye sinia, unalala, unakauka, punje zinaachana. Nilijua hayo. Lakini siku moja wali wa jana uliisha, meza ya watu sita inangoja, nikachukua wali wa moto uliotoka kuiva nikautupa ndani ya karai. Jamani! Ulishikana ukawa bonge moja, ningeweza kuukata kwa uzi. Vieux Liu akaja, akatazama. Akachukua bonge lile akaliweka kwenye bakuli, akakaa juu ya kreti ya bia mbele yangu, akalila lote, polepole, ananitazama machoni kila anapotafuna. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Leo," akasema, "pika ya kesho."

Mpaka sasa, hata nyumbani, silali kama sijui kesho yangu iko kwenye sinia gani.

Tulicheka pia, msidhani. Kulikuwa na mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda, alikuja na wajukuu wake. Nikamwekea tambi mbele. Akazinyanyua kwa uma, akazitazama zinavyoning'inia.

"Mama, hii minyoo iko bazima?"

"Hapana papa, ilikufaka zamani. Usiogope, kula tu."

Akala. Halafu akaniita kwa kidole: "Mama, hawana bandugu yao huko jikoni?"

Na wateja wetu wa Kikasai walitaka bukari. Hata ukiwapa kuku wa pilipili wa Vieux Liu mwenye kung'aa kama kiatu cha Jumapili, wataangalia kushoto na kulia: bukari iko wapi? Vieux Liu alikasirika, alisema hapa si nyumbani kwa mama zao. Mimi nikachukua bukari iliyolala, nikaikata vipande vidogo kama sukari, nikaikaanga mpaka ikawa na ganda, halafu tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, soya kwenye ukingo. Nikamwekea kwenye kisahani bila kumwambia. Akaonja kipande kimoja. Akaonja cha pili. Akaondoka. Kesho yake asubuhi nikakuta ameandika yeye mwenyewe kwa chaki kwenye ubao wa vyakula, chini ya samaki wa ziwa Tshangalele: *Bukari Ngalula*. Jina langu, kwa mkono wa yule mtu. Diploma sikupata, lakini nilipata ile chaki.

Sasa jiko. Hapa nawaomba mfunge midomo, maana kila kitu kiko hapa.

Gesi huku kwetu mnaijua, leo ipo, kesho chupa ziko njiani. Vieux Liu akajenga jiko la mazutu kwa mikono yake. Pipa la mazutu lilikaa nje, juu ya msingi, nyuma ya ukuta. Bomba jembamba liliingia jikoni, mazutu ikashuka tone kwa tone ndani ya chungu cha chuma, na feni ya umeme ikapuliza hewa chini yake. Moto wake unanguruma kama lori linapanda kilima. Ni moto mzuri, hakuna kuku anayeubishia.

Lakini una ubaya mmoja. Umeme ukikatika, feni inasimama, na mazutu haijui. Mazutu inaendelea kushuka. Chungu ni chekundu kwa joto, hewa hakuna, basi mazutu inageuka moshi mweupe, inajaa chini ya karai, inatambaa sakafuni. Umeme ukirudi, feni inapuliza, moshi wote unashika moto kwa mara moja. Na umeme wa Likasi mnaujua unavyokwenda na kurudi, unaweza kukutania mara tano kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo Vieux Liu aliweka robine, koki ya kufungia, pembeni ya paja la kushoto la mpishi. Hukuhitaji kuinama wala kutazama. Umeme ukikatika unaachia karai, mkono wa kushoto unashuka, unazungusha robo, mazutu imefungwa. Kuku aungue, wali uungue, mteja atukane, haidhuru. Robine kwanza. Alinifanyisha zoezi hilo kwa wiki nzima. Alikuwa anapiga kelele "Courant!", yaani umeme, wakati wowote, hata nikiwa nakula, na mkono wangu ulipaswa kushuka.

Ulizoea sana. Siku moja kanisani, katikati ya mahubiri, umeme ukakatika, spika ikazima, na mkono wangu wa kushoto ukashuka wenyewe ukashika goti la papa mmoja aliyekaa pembeni yangu. Mke wake alikuwa upande wa pili. Mimi nilieleza habari za jiko la mazutu mbele ya mlango wa kanisa mpaka mate yakanikauka, na yule mama hadi leo hanisalimu.

Nimewafundisha wapishi wengi baada ya hapo, na wa kwanza alikuwa Fidèle, kijana wa Kapolowe, mwepesi wa mikono, mwepesi pia wa maneno. Yeye naye nilimpigia kelele "Courant!" mpaka akaota. Shikeni jambo hilo: mtu aliyewafundisha wengine robine ni mimi.

Vieux Liu aliugua kifua, watoto wake wakamwita arudi Calcutta. Siku anaondoka alinipa upawa wake. Akanigusa mkono wa kushoto, akasema, "Hii, akili yake mingi kupita kichwa." Alikuwa ananisifu. Nadhani.

Mwenye restora, maana Vieux Liu alikuwa mpishi mkuu tu, akamleta mpwa wake, Monsieur Dinesh, awe msimamizi. Sitamficha jina, hata yeye hakunificha langu alipoandika karatasi yake. Monsieur Dinesh hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na adabu, alisema bonjour. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: aliona wizi kila mahali. Alipima soya kwa kijiti. Alihesabu mayai kwa kuyaandika namba. Na akaona kwamba mazutu inapungua haraka.

Sasa niwaambie ukweli ambao unanihusu mimi, kabla sijaanza kuwanyooshea wengine kidole. Mazutu ilikuwa inapungua kweli. Fidèle alikuwa anafungua robine ile ya pajani, jioni, anajaza chupa mbili, anampelekea kaka yake. Nilimwona. Nikamwambia aache, akaacha kwa wiki moja, akarudia. Sikumsema kwa bwana mkubwa. Ni mwanafunzi wangu, nilisema moyoni, atakua. Kama ningemtaja siku ile, pengine leo ningekuwa na vidole vitano vinavyokunja. Hilo ni langu, nalibeba.

Monsieur Dinesh hakuuliza mtu. Siku moja tukafika asubuhi tukakuta fundi ameondoa robine jikoni, ameunganisha bomba, na robine imehamishwa nje, kwenye pipa. Juu yake wamejenga kikapu cha nondo, na kwenye kikapu wametia kufuli, kadena kubwa la shaba. Ufunguo ulikuwa mmoja. Alipewa Célestin, mtunza depo. Asubuhi Célestin anafungua, anaachilia mazutu, anafunga kufuli. Jioni anafungua, anazima, anafunga.

Nikamwendea Monsieur Dinesh ofisini, na aproni yangu kiunoni.

"Patron, courant ikienda mchana, nani atafunga mazutu?"

"Célestin."

"Célestin akiwa choo?"

Akatabasamu. "Mama Ngalula, hapa tuna tatizo ya mazutu kutembea. Robine jikoni, mazutu inatembea. Robine nje, mazutu inakaa. Ni mwepesi."

"Patron, Vieux Liu aliwekaka pale juu ya—"

"Vieux Liu iko Calcutta."

Célestin alikuwa amesimama mlangoni anachezesha ule ufunguo kwenye kidole. Alikuwa mtu mzima, baba wa familia, mwimbaji wa kwaya. Akaniambia tukitoka, "Mama, usiogope. Minye niko hapa siku yote. Unaita tu, ninakuja mbio."

Na kweli, mara za kwanza alikuja mbio. Umeme unakatika, naita, anakimbia, anafungua kufuli, anazima. Mara nyingine moshi ulikuwa umeshaanza, tukakohoa, tukacheka. Hapo ndipo nilipokosea, vijana, na andikeni hili kwenye daftari kabla ya habari za soya: siku ya kwanza ya ile kufuli nilipaswa kuvua aproni, nikae chini kwenye kreti ya Vieux Liu, niseme sipiki. Nilipika. Nilijiambia nina watoto, nina kazi, na Célestin anakimbia vizuri. Tatizo la kuponea ni kwamba kila unapoponea unadhani ndiyo kawaida.

Basi, Jumapili ile ya komunyo.

Umeme ulikatika, mkono ukashuka, haukukuta kitu. Niliita Célestin mara tatu. Mama Tshala akapiga kelele kutoka kwenye karo, "Célestin hayuko! Patron alimutuma kutafuta glasi ya vinywaji!" Glasi ni barafu; alikuwa ameenda kuitafuta mjini, na ufunguo mfukoni.

Moshi ukaanza. Nikamwambia Fidèle, na haya ndiyo maneno yangu, neno kwa neno, "Kimbia kwa patron. Mwambie asiwashe groupe. Groupe hapana! Kiisha toa bantu inje." Groupe ni jenereta. Restora ilikuwa imejaa, watu wanatoka jasho, muziki umezimika, nilijua Monsieur Dinesh atataka kuiwasha upesi. Fidèle alinitazama, akasema "Ndiyo mama," akatoka.

Nikamsukuma Mama Tshala mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa hatua nne. Ningeweza kutoka naye. Lakini plagi ya feni ilikuwa ukutani, nyuma ya jiko, chini, na nilijua: plagi ikitoka, hata umeme urudi, feni haiwezi kupuliza. Watoto wa komunyo walikuwa upande wa pili wa ukuta na nguo zao nyeupe. Nikachukua ndoo ya mchanga kwa kulia, nikainama ndani ya ule moshi, nikanyoosha mkono wa kushoto kutafuta plagi. Nikaigusa. Nilikuwa nayo kati ya vidole.

Nikasikia jenereta inakohoa barazani. Mara moja. Mara mbili. Ikashika.

Sina maneno ya kinachofuata. Kulikuwa na sauti kama mtu anakung'uta blanketi kubwa sana, halafu nilikuwa uani, Mama Tshala ananimwagia mchanga na machozi. Watu wote wa mezani walitoka. Wote, watoto wote. Ukuta ulibaki umesimama upande wao. Mimi niliunguzwa mkono, shingo, na sikio la kushoto, lile la kusikilizia mafuta.

Nikiwa bado hospitali wakaja na karatasi. Monsieur Dinesh ameandika, Célestin ametia sahihi, Fidèle ametia sahihi kama shahidi. Binti yangu akanisomea kando ya kitanda. Ilisema: *mpishi Ngalula alisahau kufunga robine ya jikoni*. Akasoma tena kwa sababu nilimwomba arudie. Robine ya jikoni. Ile iliyoondolewa! Na kufuli? Hakukuwa na kufuli, walisema. Haijawahi kuwepo.

Kwa karatasi ile nilifukuzwa kazi. Kwa karatasi ile wateja wananiambia sokoni, kwa huruma, "Pole Mama Pilipili, kila mtu anasahauka." Hiyo "pole" inaniuma kuliko shingo. Mniite maskini, mniite kilema, sawa. Lakini kusahau robine, mimi? Mkono huu ulishika goti la mume wa mtu kanisani!

Fidèle alikuja kuniona mara moja. Alisimama miguuni mwa kitanda, akishika kofia.

"Mama, banasema nikisainia, habari ya zile chupa ya mazutu inakwisha."

"Na groupe? Ulimwambia patron asiwashe?"

Akatazama kofia yake.

"Fidèle, ninakuuliza. Ulimwambia?"

"Alikuwa anaongea na telefone, mama. Nilingoja amalize."

Alingoja amalize. Mwanafunzi wangu, nilimfundisha kila kitu, nikasahau kumfundisha kumkatiza bosi anapozungumza. Nawafundisha ninyi sasa: kukiwa na moto, mkatize. Mnyang'anye ile simu. Adabu mtaifanya kesho.

Restora imefunguliwa tena, wamepaka rangi mpya, tembo na joka bado wanashika kijiko. Nasikia tambi zao zinashikana. Robine imerudi jikoni, pajani, pale pale pa Vieux Liu. Kimya kimya. Mtu asiyekosea anarudisha nini?

Mimi napika nyumbani. Mkono wa kushoto hauwezi kurusha karai, kwa hiyo nimelifunga kwa mnyororo kwenye boriti, nalirusha kwa kulia, na upawa nausukuma kwa kiwiko. Njooni mwone. Jirani zangu wanasema Bukari Ngalula ya sasa ni tamu kuliko ya zamani, na mimi, nawaambia bila haya, nakubaliana nao. Umeme ukikatika, hivi vidole vilivyogandana bado vinashuka pembeni ya paja.

Sasa lile la mwisho. Kesho yake baada ya moto, Mama Tshala ndiye aliyetumwa kufagia majivu uani. Akakuta kikapu cha nondo kimepindika kwenye msingi wa pipa. Hakumwambia mtu. Akakifunga ndani ya kitenge, akakibeba kichwani kama anapeleka sombe, majani ya muhogo, sokoni, akapita mbele ya Monsieur Dinesh, akamsalimu bonjour. Siku nilipotoka hospitali alikiweka mezani kwangu.

Ni kikapu cha nondo, vijana, na juu yake kuna kufuli ya shaba, nyeusi kwa moto. Imefungwa. Haikuvunjika, haikuyeyuka. Imefungwa mpaka sasa, hapa, karibu na daftari hili ninaloandikia.

Monsieur Dinesh, wewe unasema haijawahi kuwepo. Célestin, wewe uliimba komunyo asubuhi ile na ufunguo mfukoni. Fidèle, wewe unajua. Restora yenu na nyumba yangu ziko mji mmoja, mnaijua njia. Njooni wote watatu, mchana, majirani wakiwepo. Nitawapikia kwanza, wali wa jana, punje moja moja, kwa mkono mmoja, mkae mle mshibe. Halafu nitaweka hii kufuli katikati ya sahani zenu, na mmoja wenu atie mkono mfukoni, atoe ufunguo, aifungue mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwa nini siku ile ilikuwa imefungwa.